Emma Woodhouse, mshenga asiyetumwa na mtu

Wanajamvi, salaam.

Kila riwaya ya Emma ya Jane Austen inapotajwa humu, mjadala huishia kwenye swali moja: je, huyu binti anapendeka au hapendeki? Mwandishi mwenyewe alilitazamia swali hilo. Kwa mujibu wa kumbukumbu za mtoto wa kaka yake, zilizochapishwa zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake, alipokuwa akianza kazi hiyo alisema anamchukua mhusika mkuu ambaye hakuna atakayempenda sana isipokuwa yeye mwenyewe. Mimi nimeisoma riwaya hii mara nne, na swali hilo limekuwa likipungua uzito kila ninapoirudia, mpaka sasa limebaki jingine ambalo naliona kubwa zaidi: Emma anapokosea, ni nani anayelipa? Nafungua uzi huu kwa sababu naamini anayelipa ni Harriet Smith, na sisi wasomaji humsahau Harriet kwa urahisi uleule ambao Emma anamsahau.

Kwa ambao hawajaisoma, nitaeleza kwa ufupi. Riwaya ilitoka Desemba 1815 katika juzuu tatu, ingawa ukurasa wa jina unasema 1816, na jina la Austen halikuwekwa. Tupo Highbury, kijiji kikubwa cha Surrey kilicho maili 16 kutoka London. Emma anakaribia miaka 21, ni mzuri, ana akili, na ana urithi wa pauni 30,000. Mama alifariki zamani, dada ameolewa na kuhamia London, na baba, Bwana Woodhouse, ni mzee mwenye huruma ambaye huogopa upepo, huogopa keki ya harusi, na humsihi kila mgeni anywe uji mwepesi badala ya kula chakula cha maana. Hakuna mtu katika nyumba hiyo aliyewahi kumwambia Emma neno "hapana" akalisimamia.

Riwaya inaanza jioni ya siku ambayo Bi. Taylor, mlezi aliyeishi nao miaka 16, ameolewa na Bwana Weston. Emma anadai kwamba ndoa hiyo ni kazi ya mikono yake, kwamba aliipanga moyoni miaka minne iliyopita. Rafiki wa familia, Bwana Knightley, mwenye shamba kubwa la Donwell na umri wa miaka 37 au 38, anamjibu kwamba alichofanya ni kubahatisha tu, kwa hiyo hana cha kujisifia. Emma hasikii. Anatangaza kwamba atakayefuata kutafutiwa mke ni Bwana Elton, kasisi kijana wa parokia.

Hapo ndipo napenda tutumie neno letu wenyewe, kwa sababu linatupa kipimo. Mshenga, kwa desturi tunayoijua, hutumwa. Upande mmoja humpa maneno, yeye huyafikisha upande wa pili, hupokea jibu na kulirudisha kama alivyolipokea, na akiongeza la kwake watu humwona amevunja amana. Emma hakutumwa. Elton hakumwomba kitu, Harriet hakumwomba kitu, na hakuna familia iliyokaa kikao. Maneno anayoyabeba kutoka huku kwenda kule ni yake mwenyewe, na majibu anayorudi nayo ameyatunga njiani. Ninaposema ana kasoro, hiyo ndiyo kasoro ninayoizungumzia. Kiburi anacho, lakini kiburi peke yake kisingemfikisha alikofika.

Sasa Harriet. Ana miaka 17, anaishi katika shule ya Bibi Goddard, na ni mtoto wa nje ya ndoa ambaye hakuna anayejua baba yake ni nani. Emma anamwona mzuri, mpole na mtiifu, na papo hapo anaamua kwamba baba huyo lazima awe mtu wa hadhi. Hana ushahidi wowote. Anaamua hivyo kwa sababu hadithi anayotaka kuitunga inahitaji baba wa namna hiyo. Sentensi inayosema kwamba macho yale laini ya buluu hayapaswi kupotezwa katika jamii duni ya Highbury imeandikwa kana kwamba msimulizi ndiye anayesema, kumbe ni Emma anayewaza. Riwaya nzima imejengwa namna hiyo. Sauti ya msimulizi na fikra za Emma zimefumwa pamoja kiasi kwamba msomaji wa mara ya kwanza hudanganyika pamoja naye, na hujiona mwerevu pamoja naye.

Lakini Harriet tayari alikuwa na mtu. Robert Martin ana miaka 24, analima Abbey-Mill, shamba alilolipanga kutoka kwa Bwana Knightley, na anaishi na mama yake na dada zake. Siku moja alitembea maili tatu kumtafutia Harriet kokwa za jozi kwa sababu tu alimsikia akisema anazipenda. Harriet anamsimulia Emma habari hiyo kwa furaha isiyojificha. Emma anaisikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya ugonjwa ambao unapaswa kutibiwa mapema.

Kisha inakuja barua ya posa. Someni tena sura hiyo taratibu, maana kwangu ndiyo sura kali kuliko zote. Emma anaisoma barua akitarajia makosa, na hayapo. Imeandikwa kwa lugha safi, yenye staha na hisia za kweli, kiasi kwamba anaanza kudhani dada yake Martin ndiye aliyemsaidia. Harriet anauliza afanye nini. Emma anamjibu kwamba hawezi kumshauri, kwamba jambo hilo ni la moyo wake peke yake, kisha anaongeza kwamba mwanamke akiwa na shaka kama amkubali mwanamume, basi hana budi kumkataa. Harriet anakataa, na jibu linaandikwa kwa msaada ambao Emma anaendelea kuukana. Baada ya Harriet kuamua, na si kabla, ndipo Emma anamwambia kwamba angekubali wangepotezana, kwani yeye asingeweza kumtembelea Bibi Robert Martin wa shamba la Abbey-Mill. Harriet anashtuka, hakuwa amefikiria hilo, na anashukuru kama mtu aliyeokolewa kwenye maji.

Yule binti anashukuru. Sijawahi kuvuka sentensi hiyo bila kuiweka riwaya chini kidogo.

Kuna jambo jingine hapo ambalo wengi hulipita. Kabla ya kuandika barua, Robert Martin alikwenda kwa Bwana Knightley kumwomba ushauri kama inafaa aoe, na kama Harriet si mdogo mno. Yaani alifuata utaratibu, alimtafuta mtu mzima anayemheshimu na anayemjua, akamweleza hali yake ya kipato na nia yake, na akasikiliza. Knightley alitoa maoni kwa sababu aliombwa. Siku chache baadaye anagombana na Emma juu ya kukataliwa kwa Martin, na hasira yake inatokana na hilo: alikuwa ameaminiwa, na Emma amekwenda kuharibu kile ambacho yeye aliaminiwa nacho.

Habari ya Elton nitaipita haraka kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi. Emma anachora picha ya Harriet, na Elton anaisifu na kujitolea kuipeleka London kutiwa fremu. Elton anaandika fumbo ambalo jibu lake ni "uchumba", na Emma analinakili kwenye daftari la Harriet. Shemeji yake Emma, John Knightley, anamwambia waziwazi kwamba Elton anamtaka yeye, na anachekwa. Usiku wa kuamkia Krismasi, wakitoka kwa akina Weston theluji ikiwa imeanguka, Elton anajikuta peke yake na Emma ndani ya gari la farasi na kumtamkia mapenzi. Alipotajiwa Harriet alishangaa kwamba kuna mtu anayeweza kuwaza jambo hilo. Wiki chache baadaye akaoa binti wa Bristol mwenye pauni 10,000, au kiasi kinachokaribia hapo.

Niliahidi kuzungumzia malipo, na hapa nawaomba subira, kwa sababu nataka tuangalie penseli mbili.

Penseli ya kwanza imo ndani ya kiboksi kidogo. Miezi michache baada ya Elton kuoa, Harriet anakuja kwa Emma na kifurushi chenye maandishi "hazina za thamani kuu". Ndani mna kipande cha plasta na kichungi cha penseli kuukuu. Plasta ilibaki siku Elton alipojikata kidole, na kichungi ni ncha isiyo na risasi ambayo Elton aliiacha mezani kwa kuwa haikufaa tena kuandika, naye Harriet akaiokota mara alipopata nafasi. Alivitunza vitu hivyo muda wote huo. Sasa anavitupa motoni mbele ya Emma ili amalizane na jambo hilo. Emma anakumbuka kwamba siku ile ya kidole alikuwa na plasta tele mfukoni mwake, lakini alisema hana ili Harriet ndiye atoe yake. Ni hila ndogo, ya sekunde moja, ambayo yeye alikwishaisahau. Harriet aliigeuza kuwa kitu cha kutunzwa ndani ya pamba.

Penseli ya pili haionekani. Tunaona alama zake tu. Baada ya posa kukataliwa, dada yake Robert anakwenda kumtembelea Harriet, hamkuti, anamwachia barua, na Emma anaona ustaarabu unadai Harriet naye aende kwao, lakini ziara iwe fupi kiasi cha kuonyesha kwamba mambo yamekwisha. Anamshusha kwa gari kwenye njia ya kuingilia, anaondoka, kisha anarudi kumchukua. Harriet alikaa humo dakika 14, katika nyumba ambayo miezi michache kabla aliishi kwa furaha majuma sita. Mazungumzo yalikuwa ya baridi, mpaka mama mtu alipotamka ghafla kwamba Harriet ameongezeka kimo, na wote wakakumbuka kwamba katika chumba kilekile, Septemba iliyopita, Harriet na mabinti wa nyumba hiyo walipimwa urefu wao ukutani kando ya dirisha. Alama za penseli bado zilikuwapo na maandishi pembeni yake. Robert ndiye aliyeziandika. Nyoyo zilianza kulainika, wakawa karibu kurudi kuwa marafiki, na wakati huohuo gari likafika.

Austen haongezi maelezo marefu. Anaacha dakika 14 zikae hapo. Kwa maoni yangu hakuna mahali pengine katika riwaya ambapo gharama ya mchezo wa Emma imewekwa wazi kama kwenye zile alama za ukutani, kwa kuwa ni kitu ambacho Emma hakukiona kwa macho yake. Yeye alikuwa kwingine, akarudi na gari.

NAENDELEA, baada ya kusoma michango yenu.

Ndugu aliyeandika kwamba kosa kubwa la Emma liko Box Hill na si kwa Harriet, nakubali kwamba Box Hill ndiyo siku anayoanguka hadharani. Kwa wasioikumbuka: wako matembezini kwenye kilima hicho, kila mtu amechoka na mwenzake, na Frank Churchill, mtoto wa Bwana Weston kwa mke wa kwanza, anatangaza kwa niaba ya Emma kwamba kila mmoja aseme jambo moja la werevu sana, au mawili ya werevu wa kadiri, au matatu ya kuchosha. Bi. Bates, mwanamke mtu mzima asiyeolewa, maskini, msemaji sana na mwenye moyo mwema kuliko wote pale, anasema kwa furaha kwamba yeye hana shida, kwani akifungua mdomo tu yatatoka matatu ya kuchosha. Emma anamwambia kwamba tatizo ni idadi, kwa kuwa hapa ataruhusiwa matatu tu kwa mara moja. Bi. Bates hakuelewa mara moja, na alipoelewa uso ulimbadilika, kisha akasema kwamba bila shaka yeye ni mtu wa kuchosha, la sivyo rafiki wa zamani asingemwambia hivyo. Papo hapo Bwana Weston anatoa kitendawili kwamba herufi mbili zinazoonyesha ukamilifu ni M na A, yaani Em-ma. Ukamilifu unatangazwa dakika ileile ya aibu.

Wakati wa kuondoka Knightley anamfuata kwenye gari na kumwambia kwamba amefanya vibaya. Hoja yake naipenda kwa sababu haihusu adabu ya mezani. Anamwambia kwamba Bi. Bates angekuwa tajiri asingegombana naye kwa utani huo, lakini ni maskini, ameshuka kutoka hali aliyozaliwa nayo, na akiishi hadi uzee atashuka zaidi. Emma analia karibu njia nzima kurudi nyumbani, na kesho yake asubuhi anakwenda kwa miguu kumwona Bi. Bates. Mapema katika riwaya, Emma huyohuyo alikuwa amemweleza Harriet kwamba kutoolewa hudharauliwa pale tu panapokuwa na umaskini, na kwamba yeye kwa mali yake hatakuwa kamwe kama Bi. Bates. Alikuwa anaijua kanuni hiyo kichwani. Box Hill aliiona ikimpata mtu.

Hata hivyo nasimama na hoja yangu. Bi. Bates aliumizwa kwa sentensi moja na akaombwa radhi kwa kutembelewa siku iliyofuata. Harriet aliumizwa mwaka mzima kwa upole, kwa zawadi, kwa matembezi ya kila siku, na hakuna siku aliyojua kwamba anaumizwa.

Dada aliyeuliza kuhusu Jane Fairfax, mpwa wa Bi. Bates, amegusa jambo ambalo lingestahili uzi wake. Jane hana mali na anaandaliwa kuwa mwalimu wa watoto katika nyumba za watu, kazi ambayo yeye mwenyewe anailinganisha na biashara ya kuuza watu. Amechumbiana kwa siri na Frank Churchill tangu Oktoba. Emma, kwa kutojua, anamtungia kisa cha mapenzi na mume wa rafiki yake, na anamsimulia kisa hicho Frank mwenyewe, ambaye anakipokea na kukichezea ili kuficha siri yake. Dalili zote zilikuwa mezani. Frank alikwenda London eti kukatwa nywele, na siku chache baadaye piano ya Broadwood ikafika kwa Jane bila jina la mtumaji. Aliteleza pia kwa kuuliza habari za gari ambalo daktari Perry alifikiria kununua, habari ambayo angeweza kuipata tu kwenye barua za Jane, kisha akajitetea kwamba labda aliota. Knightley alishuku. Emma alicheka, na nakiri kwamba mara ya kwanza mimi pia sikuona lolote.

Mwingine ameandika kwamba Austen hakuolewa, kwa hiyo alikuwa akidhihaki ndoa kwa mbali. Hilo nalipinga. Mwaka 1802 aliposwa na Harris Bigg-Wither, mrithi wa mali na ndugu wa marafiki zake, akakubali jioni na kukataa asubuhi iliyofuata. Aliyeyapitia masaa hayo alijua vizuri jibu la posa lina uzito gani, na linavyoweza kuamua kama mwanamke asiye na mali atazeeka akiwa na paa lake au akiwa mgeni kwenye nyumba za ndugu. Ndiyo maana Robert Martin kupewa jibu lililotoka kinywani mwa mtu mwingine ni jambo zito katika riwaya hii, hata kama limesimuliwa kwa wepesi.

Na kwa aliyeuliza kama Emma anabadilika kweli, jibu langu ni ndiyo, lakini tazameni kinachombadilisha. Harriet anamwambia kwamba sasa anampenda Bwana Knightley, na ana sababu, maana usiku wa dansi Elton alipokataa kucheza naye mbele ya watu, Knightley ndiye aliyeinuka kumchukua. Emma mwenyewe alimtia moyo, akidhani anazungumziwa Frank. Hapo wazo linampenya kwa kasi ya mshale kwamba Knightley hapaswi kumwoa yeyote isipokuwa yeye. Kwa mara ya kwanza maneno aliyoyatunga yamerudi mlangoni kwake, na anajua kwamba Harriet amefikia kujiamini hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha kutazama juu. Anamsikiliza hadi mwisho bila kumkatisha. Kwa Emma, hilo ni tendo jipya kabisa.

Baadaye Knightley anamtuma Robert Martin London kupeleka karatasi kwa kaka yake John, ambako Harriet alikuwa amealikwa. Hakumpa maneno ya kumbebea wala hakumwelekeza cha kusema. Martin aliposa mwenyewe, kwa mdomo, na Harriet alijibu mwenyewe, bila mtu wa tatu chumbani. Safari hii alikubali. Baba naye akaja kujulikana, naye alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo wa kutosha, wala hakuwa bwana mkubwa yule wa ndoto za Emma.

Harusi yao ilifungwa kabla Septemba haijaisha, mwaka mmoja baada ya ile Septemba ya kupimana urefu. Emma alimsindikiza Harriet kanisani. Kasisi aliyesimama mbele yao kuwafungisha ndoa alikuwa Bwana Elton, yuleyule wa kichungi cha penseli, kisha bi harusi akachukuliwa kurudi Abbey-Mill, kwenye chumba kile chenye dirisha. Kama alama zilikuwa bado ukutani, Austen hasemi.